Waziri alisema nyumba zetu zote zimeunganishwa na bomba la maji: je, Hansard inaweza kurekebishwa?

Msomaji mmoja wa upande wa Likoni, Mombasa, ameniandikia barua, na sehemu yake inasema hivi: "Assalamu alaykum mzee wangu, shikamoo. Miezi michache iliyopita waziri alijibu swali la mbunge kule Bungeni, akasema mtaa wetu umeshaunganishwa na bomba jipya na shida ya maji imekwisha. Mfereji wangu haujatoa tone tangu mita ifungwe. Mpaka leo nanunua mitungi ya mkokoteni. Mwanangu amenionyesha maneno hayo kwenye Hansard. Yanaweza kufutwa? Nani wa kuyafuta? Na nikisema waziri amesema uongo, naweza kushtakiwa?"

Waalaykumu salaam, mwanangu. Marahaba.

Nianze na lile unalotaka kulijua kwanza. Maneno ya waziri hayafutwi, na nakusihi usiombe yafutwe. Yanaweza kusahihishwa, yaani katika kumbukumbu zile zile, kwa tarehe nyingine, yaingie maneno yanayosema kwamba yale ya awali hayakuwa sahihi. Wewe huwezi kuyaingiza kwa mkono wako, ila wako wenye ruhusa hiyo, na mmoja wao ni mbunge wako. Kazi yako ni kumpa karatasi za kusimamia.

Nimekaa kwenye meza ya Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Mombasa, kwa hiyo niache nikueleze kitu hiki kinavyotengenezwa. Wengi hudhani ni muhtasari, kama ule anaousoma katibu wa chama cha akina mama kikao kikianza. Sivyo. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa la Kenya zinataka taarifa ya neno kwa neno. Tulikuwa tukipokezana zamu za dakika chache chache. Ukitoka ukumbini unavaa vipokea sauti, unaandika ulichosikia, mhariri anakipitia, rasimu inatoka. Kila mbunge ana haki ya kuisoma sehemu yake na kuisahihisha, lakini si kwa namna itakayobadili maana ya alichosema.

Siku moja mheshimiwa mmoja alitujia na rasimu yake, amezungushia kalamu nyekundu mahali palipoandikwa "sita". Alitaka isomeke "tisa". Tukamwekea kanda. Akasikiliza mara mbili, na mara zote mbili sauti yake mwenyewe ikasema sita. Alikasirika sana. Mhariri wetu akamwambia kwa upole, mheshimiwa, sisi tunaandika ulichosema. Kesho mwombe Spika nafasi, useme tisa, nasi tutaandika tisa. Kesho yake akasimama, akasema maneno ya kutosha mistari mitatu, akaketi. Ukizifungua kumbukumbu za siku hizo mbili utaikuta sita na utaikuta tisa, kila moja na tarehe yake. Masahihisho ya Bunge huenda hivyo, kwa mbunge wa kawaida na kwa waziri.

Sasa fikiria lau maneno yangekuwa ya kufutika. Wizara ingepata malalamiko yako asubuhi, jioni maneno yangekuwa hayapo, na ukienda kudai ungeambiwa hakuna aliyesema hivyo. Ukurasa ulioko kwenye simu ya mwanao ni shahidi wako wa kwanza. Utunze. Tena umwambie ashuke mpaka chini ya ukurasa: kuna maandishi madogo ya Kiingereza yanayosema kwamba nakala ya kielektroniki ni kwa ajili ya taarifa tu, na nakala iliyothibitishwa hupatikana kwa Mhariri wa Hansard. Siku utakapopeleka jambo lako rasmi, omba hiyo iliyothibitishwa. Video ya kikao nayo itazamwe, kwa sababu mwandishi wa Hansard ni binadamu na masikio yake huchoka. Ikiwa sauti na karatasi havilingani, hilo ni kosa letu sisi waandishi, na barua kwa Karani wa Bunge inatosha.

Kwako havitofautiani. Nimeusoma ukurasa ulionitumia, kisha nikaurudia, kwa sababu hausemi sawasawa na ulivyoniandikia. Waziri hakusema kwamba shida ya maji imekwisha. Hayo uliyasikia redioni, kwa mtangazaji aliyekuwa akifupisha habari. Alichosema waziri ni mambo matatu: kwamba bomba limelazwa hadi mtaani kwenu, kwamba nyumba zote za mtaa zimeunganishwa, na kwamba huduma itaimarika kituo cha kusukuma maji kitakapokamilika.

La kwanza ni kweli. Umesema mwenyewe bomba lipo, mitaro ilichimbwa mpaka mlangoni kwako, watoto wakawa wanairuka wakienda madrasa. Usilibishie hata kidogo. Ukibisha la kweli, la uongo halitasikizwa.

La tatu ni ahadi. Ahadi haina kusahihishwa, ina kufuatiliwa, na Bunge la Taifa lina Kamati ya Utekelezaji ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuangalia kama ahadi za serikali zilizotolewa Bungeni zimetimizwa. Liweke kando kwa sasa.

Limebaki la pili, na hapo natamani tukae. Neno "kuunganishwa" lina milango miwili. Mtu wa wizara atakwambia mita ikishafungwa nyumba imeunganishwa, kuwe na maji kusiwe na maji. Kwako wewe nyumba iliyounganishwa ni ile ukifungua mfereji yanatoka. Ukisimama juu ya neno hilo mtabishana mpaka kiama, na yeye ana wanasheria. Lakini panda juu kidogo kwenye ukurasa uone swali lenyewe. Mbunge hakuuliza habari ya mita. Aliuliza kama wakazi wanapata maji. Jibu limekwepa "kupata maji" likashika "kuunganishwa". Hata kama lingekuwa kweli neno kwa neno, limempa muulizaji picha isiyo ya kweli, na kwa miaka yangu yote pale hii ndiyo aina ya kosa niliyoiona mara nyingi kuliko zote. Katiba yetu, ibara ya 153, inawataka mawaziri walipatie Bunge taarifa kamili na za mara kwa mara kuhusu mambo yaliyo chini yao. Kamili. Jibu linaloruka kiini cha swali si kamili.

Kisha kuna neno dogo ambalo mwanao alilipita: "zote". Umeniambia uchochoro wenu una nyumba nne ambazo hazikufungiwa mita kabisa. Basi hapo hapahitaji falsafa. Nyumba nne zisizo na mita zinatosha kuliangusha neno "zote", hata kwa maana ya wizara yenyewe. Mwanangu, shabaha yako ni hilo neno moja. Mengine yote yaje nyuma yake.

Kabla ya kufika kwenye "uongo", nikwambie neno kama hilo huingiaje mdomoni mwa waziri, kwa sababu ukilijua utajua pia pa kulikamatia. Mawaziri hawaandiki majibu yao wenyewe. Karatasi huanza kwa ofisa aliye kwenye mradi, ikaenda kwa bosi wake, ikapanda wizarani, ikanyooshwa lugha, ikafika mezani kwa waziri siku ya kujibu. Kila mkono unaoipokea huikata kidogo. Chini kabisa iliandikwa "nyumba zote zilizo kwenye awamu ya kwanza". Katikati "awamu ya kwanza" ikadondoka, maana ilirefusha sentensi. Juu ikafika "nyumba zote". Waziri akaisoma kwa sauti, nasi tukaiandika. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako. Nasema nimeona karatasi nyingi zikitembea hivyo, na kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitafuta ile karatasi ya chini.

Huko London, ambako Bunge letu limerithi mengi pamoja na jina hili la Hansard, lililokuwa jina la ukoo wa wapiga chapa, jambo hili wamelitengenezea njia. Machi 1997 Bunge lao la Makabwela lilipitisha azimio kwamba mawaziri watoe habari sahihi na za kweli, wakikosea bila kukusudia wasahihishe mapema iwezekanavyo, na anayelipotosha Bunge kwa kujua atarajiwe kujiuzulu. Tangu 2007 Hansard yao ina sehemu maalumu ya masahihisho ya mawaziri. Waziri akigundua amekosea, huandika alichosema na alichopaswa kusema, vyote viwili huchapishwa, na pale kwenye maneno ya mwanzo huwekwa alama ya kumpeleka msomaji kwenye sahihisho. Mwaka 2024 nafasi hiyo ikafunguliwa kwa wabunge wote. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi kama fundi aliyeona chombo alichokuwa akikiota. Msomaji wa miaka hamsini ijayo hatadanganyika.

Na si desturi ya mapambo. Aprili 2018 Amber Rudd, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, aliiambia kamati ya wabunge kwamba wizara yake haikuwa na malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini. Siku chache baadaye yakatokea makaratasi ya wizara hiyo hiyo yakionyesha malengo yalikuwapo. Tarehe 29 mwezi ule alijiuzulu, akisema ameipotosha kamati bila kukusudia. Ona kilichofanya kazi hapo. Kelele zilikuwa nyingi tangu mwanzo, lakini aliyemwondoa ni karatasi.

Kwetu njia ipo, ila haijachongwa vizuri. Chini ya Katiba ya 2010 waziri si mbunge. Ibara ya 152 inamkataza kuwa mbunge. Zamani waziri alikaa mle mle ukumbini, akikosea mbunge anainuka na hoja ya nidhamu, wanamalizana mchana ule ule. Baada ya mfumo kubadilika, mawaziri wakawa wanajibu mbele ya kamati tu, hadi 2023 walipoanza tena kuja ukumbini kujibu maswali. Kwa hiyo waziri leo ni mgeni anayekuja kwa siku yake na kuondoka. Kosa likionekana Alhamisi, yeye hayupo. Inabidi arudishwe, kwa swali jipya au kwa wito wa kamati, na ibara ya 153 inaipa kamati nguvu ya kumtaka afike ajibu. Ibara ya 125 inazipa Mabunge yote mawili na kamati zake uwezo wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kuwahoji chini ya kiapo. Kwa maoni yangu Hansard yetu ingefaa iwe na ukurasa wa masahihisho kama ule wa London. Haigharimu kitu, na ingewapa mawaziri waungwana njia ya kujirekebisha bila kusubiri kuaibishwa.

Kuna kanuni moja ambayo wananchi huitaja wakidhani inamfunga waziri, nayo ni Kanuni ya Kudumu nambari 91 ya Bunge la Taifa. Inasema mbunge anawajibika kwa usahihi wa jambo analodai kuwa ni kweli, na anaweza kutakiwa alithibitishe papo hapo. Akiwa na sababu ya kutosha Spika humpa mpaka kikao cha siku inayofuata. Akishindwa, aondoe maneno yake na aombe radhi, la sivyo atahesabiwa kuwa amevunja nidhamu. Sasa tazama inamwangukia nani kwanza. Mbunge wako akiinuka kusema "Waziri alitupa habari isiyo sahihi," yeye ndiye atakayeulizwa: una ushahidi? Akiwa na hadithi uliyomsimulia kwa simu, ataketi. Akiwa na orodha yenye saini, ataiweka mezani. Ndiyo maana wabunge wengi huitikia kwa mdomo halafu wasifanye kitu. Si lazima wawe hawakujali. Wengine wanaogopa kubaki wamesimama mikono mitupu.

Tuje kwenye uongo. Ndani ya Bunge hawasemi "mwongo", wala hapa wala London. Julai 2021 mbunge Dawn Butler alitolewa nje ya ukumbi kule kwa kusema Waziri Mkuu amedanganya na kukataa kuondoa maneno hayo. Husemwa "habari si sahihi", "Bunge limepotoshwa". Watu huona ni adabu za kizungu tu, lakini ndani yake kuna jambo la maana. Kusema habari si sahihi unahitaji kuonyesha hali ilivyo. Kusema mtu amedanganya unahitaji kuonyesha pia kwamba alijua, na kilicho moyoni mwa mtu hukifikii kwa daftari la maji. Kwa nini ujitwishe mzigo wa pili wakati wa kwanza unatosha?

Jirani zetu wana mfano wa karibu. Juni 2024, kule Dodoma, Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa, alimtuhumu Waziri wa Kilimo Hussein Bashe kwamba amelidanganya Bunge katika suala la kuagiza sukari. Spika akamtaka alete ushahidi. Akauleta, kisha akauzungumzia mbele ya waandishi wa habari kabla Bunge halijautolea uamuzi. Kilichofuata hakikuwa tena habari ya sukari. Bunge lilimwona amelidharau na kumfungia vikao 15. Sizungumzii nani alikuwa na haki kuhusu sukari. Ninachotaka ukione ni kwamba mtu anaweza kuwa na makaratasi mkononi na bado mjadala ukamgeukia yeye, kwa sababu ya hatua aliyoitanguliza.

Na wewe uliye nje ya Bunge? Kinga ya kusema bila kushtakiwa ni ya walio ndani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu yetu ilikiondoa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kumharibia mtu jina kuwa jinai, lakini kesi ya madai ya fidia bado mtu anaweza kukufungulia. Jikinge kwa kusema unachokijua. "Waziri alisema nyumba zote zimeunganishwa. Nyumba hizi nne hazina mita. Mfereji wangu haujatoa maji siku hizi thelathini." Hakuna wakili wa kukutisha kwa sentensi hizo, na hakuna msomaji atakayeshindwa kuelewa mwenyewe.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama kweli inafaa kujisumbua kwa neno moja lililokwisha semwa. Nikupeleke Hola. Ni kwetu Pwani, kando ya Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi waliyofungiwa watu wa Mau Mau, wafungwa walipigwa kwa kutakiwa kufanya kazi kwa nguvu, na 11 wakafa. Tamko la kwanza la serikali ya kikoloni lilisema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Lingeachwa hivyo, leo tungesoma kwamba Hola watu walikufa kwa maji. Halikuachwa, kwa sababu ulifanywa uchunguzi wa vifo mbele ya hakimu na miili ikakutwa na majeraha ya kipigo, na kwa sababu kulikuwa na wabunge waliokubali kuubeba ule ushahidi mpaka ukumbini. Usiku wa Julai 27 mwaka ule Bunge la London lilijadili Hola mpaka usiku wa manane, na mmoja wa waliosema kwa ukali kabisa alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe. Bado ikachukua mpaka tarehe 6 Juni 2013, wazee wetu wakiwa wamekwenda mahakamani London, ndipo Waziri wa Mambo ya Nje William Hague akasimama katika Bunge lile lile akakiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza makubaliano ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa walalamishi 5,228. Miaka 54. Wengi wa waliopigwa walikuwa wamekwisha kufa.

Shida ya mfereji wako si sawa na damu ya Hola, na silinganishi. Lakini njia ni ile ile: mtu aliyeandika alichokiona, na mtu wa ndani aliyekubali kukisema. Tena kwa mambo ya maji kuna hatari ya karibu. Kumbukumbu ikisema nyumba zote zimeunganishwa, mwakani bajeti ikigawanywa mtaa wenu hautakuwamo kwenye orodha. Ofisa atafungua faili aone kazi imekwisha.

Basi anza na daftari, lile la shule la mistari. Kila siku, saa ile ile, sema saa moja asubuhi, fungua mfereji, uandike tarehe na kilichotoka, hata kama ni upepo tu. Fanya hivyo siku 30 bila kuruka. Piga picha mita, namba zake zisomeke, siku ya kwanza na ya mwisho. Namba isiyosogea inasema mengi. Bili za maji weka zote. Wa mkokoteni hatoi risiti, kwa hiyo andika umenunua mitungi mingapi na kwa bei gani. Zile nyumba nne zisizo na mita, kila mwenye nyumba aandike jina, nambari ya kitambulisho na saini yake, asiyejua kuandika aweke dole gumba. Usiwaandikie wewe kwa mkono mmoja. Nimeona orodha ya watu wengi ikitupwa kwa sababu hati ilikuwa ya mtu mmoja.

Wakati daftari linajaa, andika barua ya kuomba habari. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandika kwa Kiswahili. Wapelekee wizara na shirika lililotekeleza mradi, uombe kitu kimoja tu: orodha ya nyumba zilizounganishwa katika mtaa wenu, iliyotumiwa kuandaa jibu la waziri la tarehe ile. Hiyo ndiyo karatasi ya chini niliyokutajia. Wana siku 21 za kukujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na uondoke nayo. Usikubali kuambiwa "iache tu hapo, mama". Wakinyamaza au wakikataa, una siku 30 za kulipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita Ombudsman. Na ukipewa orodha ukakuta nyumba yako imeandikwa inapata huduma, ibara hiyo hiyo ya 35 inakupa haki ya kutaka habari isiyo ya kweli inayokuhusu isahihishwe. Hapo utakuwa umelirekebisha kosa kwenye chemchemi yake, na jibu lijalo la waziri litatoka kwenye orodha iliyo sahihi.

Ukishakuwa na daftari, orodha na barua yenye muhuri, nenda ofisi ya mbunge ya eneo lenu. Jibu lilitolewa Bunge la Taifa, kwa hiyo mbunge wa Likoni au mwakilishi wa wanawake wa kaunti yeyote anaweza kulibeba. Lingetolewa Seneti ningekwambia seneta. Ana njia mbili nyepesi. Anaweza kumwuliza waziri swali jipya, au kuomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati inayohusika na maji. Akikuzungusha, una njia yako mwenyewe: ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi. Liwe la Kiswahili au Kiingereza, lugha ya heshima, lisiwe na mkwaruzo wala maneno yaliyochomekwa juu ya mstari. Lieleze mmeshahangaika wapi na mkajibiwa nini, na kama jambo liko mahakamani au la, na limalizikie kwa kutaja waziwazi mnachoomba. Unampelekea Karani wa Bunge.

Wapo watakaokushauri waziri aondolewe. Hiyo ni nyundo ya kazi nyingine: inataka robo ya wabunge kuileta hoja, theluthi kuiunga mkono ndipo iundwe kamati ya wabunge 11, na makosa yake ni mazito, kama kuvunja Katiba vibaya. Usikubali jambo lako litumbukizwe humo, litapotelea kwenye siasa.

Nimekuandikia swali ambalo mbunge anaweza kulisoma kama lilivyo:

"Mheshimiwa Spika, tarehe ……, akijibu swali nambari ……, Waziri aliliambia Bunge hili kwamba nyumba zote za mtaa uliotajwa zimeunganishwa na bomba jipya la maji. Ninaweka mezani orodha ya nyumba nne za mtaa huo zisizo na mita, zikiwa na saini za wenyewe, na kumbukumbu za siku 30 za nyumba yenye mita ambayo haikupata maji. Je, Waziri anaweza kulieleza Bunge: kwanza, ni nyumba ngapi za mtaa huo zenye mita hadi leo, na ngapi hazina, pili, katika siku hizo 30 maji yalipitishwa kwenye bomba hilo siku zipi, na tatu, ikiwa jibu la awali halikuwa sahihi, atalisahihisha katika kumbukumbu za Bunge hili leo?"

Tarehe na nambari ya swali nimeziacha wazi. Zinakili kutoka ukurasa ule wa Hansard wewe mwenyewe, kisha mwanao azisome kwa sauti nawe ukifuata kwa kidole.